Barabara yote, vipande korofi au njia ya pikipiki: kijiji kiombe kipi kwanza?

Mikutano mikuu ya vijiji niliyokaa, ikifika mada ya usafiri, neno la kwanza huwa "barabara". Watu wanapiga makofi, mtendaji anaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wanaomba barabara, ombi linapanda kata, linapanda halmashauri, na baada ya miaka mitatu linaandikwa tena vilevile. Barabara ni haki ya watu hao. Tatizo ni kwamba neno hilo moja limebeba kazi nne tofauti kabisa: tofauti kwa gharama, kwa muda wa kusubiri, na kwa watu zinaowafaa. Kijiji kisipozitenganisha kinaweza kungoja kubwa miaka kumi, huku ndogo ambayo ingemfikisha mama mjamzito zahanati ikiwezekana kiangazi hikihiki.

Naandika kwa ajili ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, wenyeviti wa vitongoji na mkazi yeyote wa Tanzania Bara atakayenyoosha mkono mkutano ujao. Chaguo ninazolinganisha ni hizi: kuinua barabara yote kwa changarawe; kutibu vipande korofi peke yake; kutengeneza njia za pikipiki na vivuko vya waenda kwa miguu; na kusogeza huduma karibu ili safari yenyewe ipungue.

Hesabuni watu, kisha hesabuni safari

Sensa ya Agosti 2022 iliikuta Tanzania na watu 61,741,120, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Asilimia 65.1 walihesabiwa vijijini, yaani takriban watu milioni 40, wakati miaka kumi nyuma walikuwa milioni 31 na ushee. Vijana wanahama, ndiyo, lakini kwa jumla vijijini watu wameongezeka, na njia iliyowatosha wazazi wetu inabebeshwa mzigo mwingine.

Namba ya kijiji kizima, hata hivyo, inaficha mengi. Vijiji vingi vya leo vilipangwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, na mara nyingi nyumba zilipangwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie watu kwa urahisi. Tangu hapo watoto na wajukuu wamerudi mashambani, wamevuka mito, wamepanda milima kufuata ardhi. Kijiji cha watu 3,000 kinaweza kuwa na 2,400 kwenye mstari wa barabara na 600 ng'ambo ya mto. Ukisema "kijiji kina barabara", wale 600 umewafuta.

Kuna kipimo kinachotumika duniani ambacho kijiji chochote kinaweza kukitumia bila mtaalamu: ni watu wangapi wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima? Kilomita 2 ni kama dakika 20 hadi 25 kwa miguu. Benki ya Dunia ilipokipima upya kwa ramani za watu na kutoa matokeo mwaka 2016, Tanzania ilipata karibu robo tu ya wakazi wake wa vijijini, wakati Kenya na Uganda zilivuka nusu.

Fanyeni hivi. Chukueni daftari la wakazi, orodhesheni kila kitongoji na idadi ya kaya zake. Kama watu hamjawahesabu, zidisheni kaya kwa 4.3, maana huo ndio wastani wa kaya kwa sensa ya 2022. Pembeni andikeni dakika za kutembea hadi mahali gari linapofika mwezi wa nne, si mwezi wa nane. Ni kazi ya alasiri moja, na nimeona ikibadilisha mkutano mzima, kwa sababu watu wanaanza kuona ni nani hasa ameachwa.

Baada ya watu, safari. Hapa tuna somo letu wenyewe kutoka Makete. Katikati ya miaka ya 1980, mradi ulioshirikisha Shirika la Kazi Duniani ulizifuata kaya za wilaya hiyo na kuhesabu muda wao wa kutembea. Sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya kwenda mjini. Ilikuwa ya kwenda kisimani, kwenye kuni, shambani na mashine ya kusaga. Safari za ndani ya kijiji na pembezoni mwake, kwa miguu, mzigo kichwani, na wengi wa waliobeba walikuwa wanawake. Ndiyo maana mradi ule ukashughulika pia na njia za miguu, punda, matoroli na mashine za kusaga zilizo karibu. Sasa jiulize: kwenye mkutano, nani huongea kuhusu barabara? Mara nyingi ni mwenye mazao ya kuuza au mwenye chombo. Mwenye ndoo kichwani huwa amekaa nyuma, au hajafika kabisa kwa sababu yuko njiani.

Vigezo

Kila chaguo nitaliuliza maswali yaleyale matano. Linawafikia akina nani? Masika linasimamaje? Linabeba mzigo gani? Mgonjwa akizidiwa saa nane usiku, linamsaidiaje? Na mwisho, linagharimu nini kulijenga na kulitunza? Hilo la kutunza ndilo linalorukwa zaidi, na ndilo linaloua miradi.

1. Barabara yote kwa changarawe

Greda linachonga, moramu (udongo wenye changarawe) inamwagwa na kushindiliwa, mitaro inachimbwa pande zote mbili, makalavati yanawekwa. Ndicho watu wanachokiona kichwani wakisema barabara.

Linawafikia walio kando yake, na linawafikia vizuri. Kijiji kilichojipanga kwenye mstari mmoja, chenye watu wengi na mazao ya biashara, kinapata faida kubwa. Kitongoji cha ng'ambo ya mto hakipati kitu mpaka kivuko kijengwe.

Masika barabara hii inasimama iwapo mitaro inafanya kazi, kwa sababu adui wa changarawe ni maji kuliko magari. Kwenye mteremko mkali moramu huoshwa na kubaki mawe yanayoteleza. Pale panahitaji zege, si changarawe. Kwenye mbuga ya udongo mweusi, tabaka lililowekwa bila kuinua tuta linamezwa. Nawasihi mkiona mkandarasi anamwaga kifusi kwenye mbuga bila mtaro wala kalavati, mzungumze siku hiyohiyo, msingoje kukabidhiwa.

Kwa mzigo, halina mpinzani. Fuso la tani 7 linaondoka na magunia 70 ya kilo mia mia kwa safari moja. Lakini faida kubwa kuliko ukubwa wa lori ni idadi ya wanunuzi. Pale ambapo mnunuzi ni mmoja tu anayethubutu kuingia, yeye ndiye anayepanga bei na yeye ndiye anayepanga lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Wakija watatu, mkulima anapata nafasi ya kusema hapana.

Usiku wa dharura, gari la wagonjwa linafika mlangoni au karibu nao.

Gharama sasa. Chukua barabara ya upana wa mita 5.5 na changarawe ya unene wa sentimita 15. Kwa kilomita moja hiyo ni mita za ujazo 825 zikiwa zimeshindiliwa, yaani tipa la mita 7 litapiga safari 118 au zaidi. Kwa kilomita 12, safari zaidi ya 1,400, kabla hujagusa kalavati hata moja. Huo si mzigo wa kuchangishana. Unategemea bajeti ya TARURA, wakala uliozinduliwa mwaka 2017 kuchukua barabara za wilaya, ambao una mtandao wa kilomita zaidi ya 144,000 nchi nzima. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi, na imesaidia, ila foleni bado ni ndefu. Isitoshe, changarawe inapungua kwa matairi, upepo na mvua. Sentimita 2 au 3 kwa mwaka ni jambo la kawaida, hivyo baada ya miaka mitano hadi minane tabaka linahitaji kurudishwa. Barabara ya changarawe ni ahadi ya kurudi, na aliyeahidi lazima ajulikane tangu mwanzo.

2. Vipande korofi peke yake

Siku moja baada ya mvua kubwa, tembeeni barabara yenu yote mkiwa na fimbo na daftari. Andikeni kila mahali gari linapokwama. Kwenye kilomita 12 mara nyingi mtakuta sehemu chache: korongo moja au mawili, mbuga ya mita mia kadhaa, mlima mmoja unaoteleza. Kwingine kote gari linapita kwa udongo wenyewe. Maji hukata barabara kwenye vivuko. Hata lami ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, ilikatwa eneo la Somanga pale maji yanapovuka, na mikoa ya kusini ikabaki imetengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa huku kilomita nyingi za lami zikiwa nzima.

Wanaofikiwa ni walewale wa chaguo la kwanza, kwa sababu mstari ni uleule. Tofauti ni kwamba kwa fedha ya kilomita chache za changarawe kamili unaweza kufungua barabara yote, na pengine kubaki na za kitongoji kingine.

Masika panahitaji uvumilivu. Drifti ya zege kwenye korongo la msimu hupitiwa na maji juu yake, kwa hiyo kuna saa kadhaa baada ya mvua ambapo kila mtu anasubiri. Lazima kuwe na vigingi vya kuonyesha kina, na watu wakubaliane kutovuka maji yanapofunika kigingi. Wengi waliopotea kwenye makorongo yetu walikuwa wanaona ng'ambo na wakadhani wanaweza. Sehemu zilizobaki za udongo nazo zitakuwa na matope. Pickup na Kenta zitapita, lori zito lizuiwe siku za mvua kwa kizuizi kinachoheshimiwa, la sivyo safari moja ya Fuso itaharibu kazi ya mwaka.

Mzigo unapimwa na kipande kibovu kuliko vyote. Mkitibu vinne na kuacha cha tano, mmebaki pale mlipokuwa. Hapa ndipo miradi mingi midogo inapopotea: fedha zinagawanywa kidogo kila mahali ili kila mwenyekiti wa kitongoji aridhike, na hakuna kipande kinachomalizika.

Usiku wa dharura chaguo hili lina nguvu kuliko linavyoonekana. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Shinyanga na Sengerema na kupelekwa nchi nzima kuanzia 2022, unapokea simu ya bure kwa namba 115, na kama gari la wagonjwa haliko karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa anatumwa kumchukua mama mjamzito au mtoto mchanga na analipwa na mfumo. Dereva huyo ana gari dogo la kawaida. Halihitaji changarawe ya kilomita 12. Linahitaji korongo lenye drifti na mbuga yenye tuta.

Kwa gharama, sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanywa kwa mikono na kwa vifaa vya palepale. Kigoma kumejengwa madaraja ya mawe ya upinde, yasiyotumia nondo, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na ya zege, na TARURA imeendelea kuyajenga katika mikoa mingine yenye mawe. Kazi za kufyeka na kuzibua mitaro zimekuwa zikipewa vikundi vya kijamii, kwa hiyo sehemu ya fedha inabaki kijijini na ujuzi unabaki na watu wanaoishi hapo. Natamani vijiji vingi zaidi viliombe hili kwa jina lake. Ombi lenye picha ya korongo, upana wake na idadi ya kaya zilizo nyuma yake ni rahisi kulipangia bajeti kuliko neno "barabara".

3. Njia ya pikipiki na kivuko cha miguu

Bodaboda imebadilisha vijiji vyetu kuliko mradi wowote wa serikali niliouona. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua kama usafiri wa abiria, lakini kijijini watu walikuwa wameshaitambua. Inapita pale gari lisipopita. Tatizo ni kwamba inapita kwenye vijia vilivyochongwa na miguu na ng'ombe: mizizi, makorongo madogo, magogo mawili juu ya mto.

Kuiboresha njia hiyo maana yake ni upana wa mita 1.5 hadi 2, mgongo wa kumwaga maji, mawe kwenye sehemu zenye matope, zege sehemu za mteremko, na daraja jembamba la waenda kwa miguu, baiskeli na pikipiki.

Linawafikia hasa wale waliosahaulika: vitongoji vya milimani, vya ng'ambo, vyenye kaya 40 au 80 zilizotawanyika, ambako hesabu ya barabara ya gari haitakubali kwa miaka mingi. Linawafikia pia wanafunzi. Mto unaojaa Machi unamweka mtoto nyumbani wiki nzima, na wazazi wengi huogopa kumruhusu hata ukipungua. Daraja la miguu linampa siku hizo. Kwangu mimi, kama kuna kitongoji ambacho watoto wake wanavuka maji kwenda shule, sioni cha kukitanguliza mbele ya hilo, na nasema hivi nikijua wenye mazao watanuna.

Masika njia nyembamba ni rahisi kuitetea. Eneo linalonyeshewa ni dogo, mtaro ni mdogo, na uzito unaopita ni mwepesi. Udongo mweusi bado ni taabu, kwani hujaa kwenye gurudumu mpaka lisizunguke, hivyo sehemu hizo zipewe mawe au changarawe.

Mzigo ndio udhaifu. Pikipiki hubeba gunia moja, wengine hulazimisha mawili. Magunia 70 ambayo Fuso linayabeba mara moja yatahitaji safari 35 hadi 70, na gharama ya kila gunia itakuwa kubwa mno. Mkiweza kufikia upana wa mita 2.5, Toyo la mizigo, yaani pikipiki ya magurudumu matatu, linapita, na hapo hesabu inabadilika. Kwa mboga, maziwa, kuku na mayai, pikipiki inatosha kabisa, hata inashinda, kwa sababu haingoji mzigo ujae.

Usiku wa dharura linasaidia nusu. Mtu mwenye malaria kali anaweza kushikiliwa katikati na kufikishwa. Mama mwenye uchungu au mtu aliyevunjika nyonga anateseka, na wakati mwingine safari yenyewe inamdhuru. Hivyo njia ya pikipiki iende sambamba na mpango wa machela: nani anabeba, anakutana wapi na gari, namba ya simu ya nani. Na kofia ngumu zivaliwe na dereva na abiria, mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ikomeshwe. Njia ikitengenezwa mwendo unaongezeka, na mwendo ukiongezeka majeraha yanaongezeka. Nimeona vijana wa miaka ishirini wakirudi nyumbani na magongo. Mkutano unaopitisha njia upitishe na sheria ndogo ya mwendo.

Gharama yake ni ndogo kuliko zote zinazohusu ujenzi, na kijiji kinaweza kuanza kwa nguvu kazi yake, isipokuwa daraja, ambalo lazima mhandisi alitazame. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wanaweza kupata vyombo vya usafiri kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4, 4 na 2. Kikwazo cha matunzo ni cha kisheria zaidi: kijia kisichosajiliwa mara nyingi hakina mwenyewe, hakiingii kwenye bajeti ya mtu. Kijiji ndicho mwenyewe. Kama hamko tayari kwa siku mbili za kazi kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, njia itarudi kuwa kijia.

4. Kusogeza huduma

Chaguo hili halina greda, na pengine ndiyo maana halipigiwi makofi. Kisima kwenye kitongoji, mashine ya kusaga, duka la dawa, siku moja ya kliniki ya mama na mtoto kila mwezi kwenye jengo la shule: kila kimoja kinafuta safari za kila siku ambazo barabara isingezigusa.

Linawafikia wanawake na watoto kwanza, na wazee. Masika halitegemei sana. Mzigo wa kuuza haliuhusu. Usiku wa dharura linasaidia pale tu penye mhudumu anayeishi palepale. Jengo lililofungwa halitibu. Gharama ya kujenga inajulikana, gharama ya kuendesha ndiyo inayoshinda wengi: pampu inahitaji kamati yenye akaunti, mashine inahitaji mafuta au umeme na wateja wa kutosha. Kitongoji cha kaya 40 kinaweza kisitoshe kuilisha mashine. Cha kaya 150 huenda kikatosha.

Je, gari litakuja?

Kuna jambo moja linalokatisha watu tamaa na halisemwi mapema. Barabara inakamilika, na basi haliji. Mwenye Noah anahesabu: anahitaji watu saba au wanane kwenda na idadi kama hiyo kurudi, kila siku, ili alipe mafuta na hesabu ya tajiri. Siku ya gulio anajaza mara tatu. Jumanne ya kawaida anapata wawili, na Jumatano hatokei.

Kwa hiyo kabla ya kuahidiana usafiri wa kila siku, simamisheni vijana wawili njiapanda kwa wiki moja wahesabu wanaotoka na wanaorudi, kwa miguu, baiskeli na pikipiki. Wakipatikana wengi, zungumzeni na mwenye gari aje kwa ratiba, na vijiji jirani viingie kwenye mstari mmoja. Wakiwa wachache, panga siku tatu za wiki na watu wazifuate. Afadhali gari la uhakika Jumatatu, Jumatano na Jumamosi kuliko la kubahatisha kila siku. Siku nyingine bodaboda zifanye kazi yake.

Kwa hali yenu

Kama kijiji kimekaa kwenye mstari mmoja, watu ni wengi, mazao ni ya kujaza malori na barabara ni udongo wa mfinyanzi karibu urefu wote, ombeni changarawe yote, na muwe tayari kwa foleni. Wakati mnasubiri, fyekeni na kuzibua mitaro. Ombi liambatane na jina la chombo kitakachochonga kila mwaka.

Kama magari yanafika kiangazi na kukatika masika, msiombe barabara. Ombeni vipande, kwa mpangilio, kuanzia kile kinachokata watu wengi zaidi, na mkatae kugawanya fedha kabla cha kwanza hakijakamilika.

Kama kijiji kimegawanyika na mto au mlima, na upande mmoja una kaya chache zenye watoto wa shule, tangulizeni daraja la miguu na njia ya pikipiki upande huo, hata kama upande mkubwa una kura nyingi. Mkutano mkuu una wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na walio ng'ambo masika huwa hawafiki kupiga kura. Ufanyeni kiangazi, au mwenyekiti aende kwao kuwasikiliza kwanza.

Kama hesabu ya safari inaonyesha kwamba muda mwingi unaishia kisimani na kwenye mashine, anzeni na kisima, na barabara iwe namba mbili. Waulizeni wanawake peke yao kabla ya kikao. Majibu hutofautiana na yanayotolewa mbele ya wote.

Kama kilio kikubwa ni wajawazito na wagonjwa, chukueni vipande korofi pamoja na machela ya vitongoji vya mbali, bandikeni namba 115 kwenye mlango wa kila mwenyekiti wa kitongoji, na mtafute mwenye gari kijijini au kijiji jirani aliye tayari kusajiliwa kuwa dereva wa jamii.

Na kama hali zenu ni mbili au tatu kwa pamoja, jambo ambalo ni la kawaida, andikeni maombi mawili tofauti badala ya moja. La kwanza kwa mnachoweza kuanza wenyewe kabla ya mvua, la pili kwa TARURA kupitia kata na diwani wenu. Kila moja liwe na jina la kitongoji, idadi ya kaya, urefu wa kipande kwa mita, picha ya mwezi wa nne, na sahihi za walioitembea njia hiyo kwa miguu yao.